Damu Niliyoiandika Kuwa Imeganda

Ninyi vijana mnaosomea maabara mkija kunisalimia hapa Murungu, chai haijapoa mmeshaniuliza, "Bibi, ni ugonjwa gani ulikusumbua kuliko yote?" Mnangoja nitaje jina refu. Nikiwaambia kwamba kilichonisumbua kuliko yote ni mwandiko wangu mwenyewe, mnacheka. Mnadhani bibi anatania. Sitanii. Niliandika maneno mawili kwenye karatasi ya majibu, na maneno hayo mawili yalimweka mama wa watu hatarini. Leo nitawaeleza yote, maana sasa nina shamba la maharage na mizinga sita ya nyuki, na hakuna anayeweza kunifukuza kazi.

Jina langu la kazini lilikuwa Mama Bukuru, kwa sababu uzao wangu wa kwanza ni mapacha, na kwetu Buha pacha wa kwanza huitwa Bukuru. Nilianza kazi Kibondo nikiwa binti, nikahamishiwa Kasulu, nikakaa huko mpaka nikastaafu. Jumla ni miaka thelathini na mitatu ya kutazama damu, mkojo, makohozi na choo cha watu wa Buha. Ukikutana nami sokoni huenda sikukumbuki uso, lakini nilishakujua vizuri kwa upande mwingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sudi. Wazee wake walitoka pwani zamani wakifuata biashara, wakabaki. Alikuwa mtu wa kofia safi na maneno machache. Wiki yangu ya kwanza alinipa slaidi kumi za damu nizianike. Nikazipanga vizuri dirishani, nikaenda kunywa uji. Niliporudi, zote kumi zilikuwa safi kama vile zimeoshwa kwa sabuni. Nikamfuata mbio.

"Mzee, kuna mtu kafuta damu zangu!"

Akaja, akainama, akaangalia dirishani. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari, wanakwenda zao wameshiba.

"Hao ndio wamesoma majibu," akasema. "Kawaulize kama wameona malaria."

Tangu siku ile hadi nastaafu, slaidi zangu zilikaukia ndani ya kasha la waya. Ninyi mna mashine, mtaniambia sisimizi hawali mashine. Sawa. Lakini hata leo mnatengeneza slaidi, au mnapaswa kutengeneza, na sisimizi hawajahama.

Mzee Sudi alinifundisha kuhesabu chembe nyeupe kwa mkono, kwenye kioo chenye mistari, huku kidole gumba kikibofya kihesabio. Alinifundisha kwamba maji ya bomba yakitumika kuoshea rangi, chembe zote hugeuka waridi na huwezi kutofautisha hii na ile, hivyo tukinge ya mvua. Na alinifundisha jambo la tatu, dogo kuliko yote. Kabla hujapima damu yoyote iliyokuja kwenye tyubu, ifungue, chovya kijiti, zungusha taratibu. Kama imeganda, donge litashika kijiti. Kama haikuganda, kijiti kitatoka kimelowa tu. Ni sekunde kumi. Aliniambia hivyo mara nyingi mpaka nikawa namwigiza kwa mdomo akigeuka.

Basi, miaka mingi baadaye, Mzee Sudi akiwa ameshastaafu na kurudi kwa ndugu zake, mimi nikiwa ndiye mkubwa wa maabara, ikaja mashine ya kuhesabu damu. Mawe! Mama yangu wee, jinsi tulivyofurahi. Unaipa tone, inanguruma kidogo, inatoa karatasi yenye kila kitu. Kidole gumba changu kilipumzika. Kijiti cha Mzee Sudi nacho kikapumzika, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa lilikuwa linakuja gari kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wa Kongo, na wagonjwa wa rufaa. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili asubuhi ile, mashine imeshanikorofisha, na kwenye benchi nje watu walikuwa wamekaa mpaka chini. Nikaingiza tyubu moja yenye kifuniko cha zambarau, zile zenye dawa ya kuzuia damu isigande. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi. Mahali pa chembe nyeupe hapakuwa na namba. Palikuwa na nyota nne zimejipanga.

Nikarudia. Nyota nne.

Nikasema moyoni, hii damu imeganda, inaziba mirija ya mashine. Sikuifungua. Sikuchovya kijiti. Nikachukua kalamu nikaandika: "Imeganda. Arudie." Nikagonga muhuri, nikapitisha karatasi dirishani.

Mkono uliopokea ulikuwa mwembamba, na pembeni nikaona kitenge cha kijani. Sauti ikauliza, "Maman, nirudie siku gani?"

"Wiki ijayo," nikasema, na tayari nilikuwa nimeshika tyubu ya mwingine. Sikuinua macho. Baadaye nilipotaka kuukumbuka uso wake, sikuwa na uso wa kukumbuka.

Jumamosi nilikuwa zamu. Nikaanza kwa kusafisha, nikatoa rafu ya tyubu za jana kwenye friji nizitupe. Ile ya zambarau ilikuwa ya tatu kutoka kushoto. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikasimama palepale.

Damu ikikaa usiku mzima imesimama hujitenga. Nyekundu hushuka chini, maji ya manjano hukaa juu, na katikati hubaki utando mwembamba mweupe, mwembamba kama karatasi. Zile ndizo chembe nyeupe, kinga ya mwili. Kwenye tyubu hii, utando ule haukuwa utando. Lilikuwa tabaka nene lenye rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa, karibu nusu ya kilichomo. Nikaiinamisha. Ikatiririka vizuri, laini, bila donge hata moja.

Haikuganda. Haikuwa imeganda hata kidogo. Mashine ilikuwa inaniambia kwamba chembe nyeupe ni nyingi kuliko inavyoweza kuhesabu, na mimi nikaiita mwongo.

Nikatengeneza slaidi. Ya kwanza ikatoka nene, nikaitupa, nikatengeneza nyingine. Nikapaka rangi, nikaosha kwa maji ya mvua, nikaweka tone la mafuta, nikainamia hadubini. Damu ya mtu mzima mwenye afya, unasogeza slaidi kidogo ndipo unakutana na chembe nyeupe moja, unasogeza tena unakutana na mwenzake. Hapa zilijaa zikakanyagana kama watu sokoni. Tena za umri wote. Zilikuwepo zilizokomaa, zilizokaribia kukomaa, na zile changa kabisa ambazo kazi yao ni kukaa ndani ya uboho wa mfupa mpaka zikue. Watoto wachanga walikuwa wanatembea barabarani.

Nikamwita Dokta Neema. Alikuwa daktari kijana, hajamaliza hata mwaka Kasulu, lakini alikuwa na tabia niliyoipenda: ukimwita maabara, anakuja mwenyewe. Akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Bukuru, hii ni saratani ya damu. Ile inayokwenda polepole. Kama ndiyo yenyewe, ina dawa ya vidonge. Mgonjwa yuko wodi gani?"

"Hayupo. Amerudi Nyarugusu na gari la jana."

"Amerudi? Kwa nini?"

"Karatasi ilisema arudie wiki ijayo," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Karatasi ilisema. Kana kwamba karatasi ilijiandika. Dokta Neema akaguna, akasema basi atakuja wiki ijayo, tumngoje kwa mikono miwili. Mimi nikaenda nyuma ya stoo, nikakaa juu ya katoni la glavu.

Wiki ijayo haikumleta. Nikampa dereva wa gari la kambi ujumbe wa karatasi, wenye jina nililolisoma kwenye tyubu: Riziki, mwanamke, umri wa miaka thelathini na kitu, aje Kasulu. Ujumbe haukumpata mtu. Nyarugusu ni mji mzima, wanangu, na akina Riziki ni wengi. Ijumaa ya pili hakuja. Nikapeleka ujumbe mwingine. Ijumaa ya tatu nilisimama getini kabla gari halijafika, nikawatazama waliokuwa wanashuka mmoja mmoja, natafuta mkono mwembamba na kitenge cha kijani. Hakuwepo.

Nikamwendea Dokta Neema. "Niombee kibali, niende mwenyewe."

"Wewe? Tuna watu wa kufuatilia wagonjwa."

"Najua. Niombee mimi."

Akaniangalia kidogo, akaniombea.

Nilifika kambini asubuhi na gari la zahanati. Nikaanzia bombani, kwa sababu penye maji ndipo penye habari. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Nikawasalimia, nikauliza kama kuna anayemjua Riziki aliyepelekwa Kasulu kupimwa damu.

"Riziki gani? Ule wa mimba?" mmoja akauliza. Wenzake wakacheka, cheko lile la chini, lisilo zuri.

"Sijui kama ana mimba."

"Bwana yake alikufaka kule kwetu, mbele hatujavuka ziwa. Sasa tumbo inatoka wapi? Uliza ule wa mimba, watakuonesha."

Nikaulizia njia kwa jina hilo la aibu, na kweli nikaoneshwa.

Alikuwa amekaa mlangoni kwake anamenya mihogo, na binti yake wa miaka tisa hivi, Estha, anapanga vipande kwenye beseni. Ndipo nikauona uso. Mdogo, umekonda, macho makubwa. Na tumbo limejitokeza kweli, lakini limejaa upande wa kushoto kuliko kulia. Mtu aliyewahi kuzaa mapacha anajua mimba inakaaje. Ile haikuwa mimba.

Nikajitambulisha kwamba natoka maabara ya Kasulu. Kisu kikasimama.

"Munataka nini tena kwangu?" akasema. "Mulinipima mukojo, mukasema hakuna mimba. Mukanitoa damu, mukasema damu yangu iko mbaya, nirudie. Kwaya wamenitosha. Miye minaimba sauti ya kwanza toka niko mutoto. Mukubwa wa kwaya akasema nikae inje mpaka nitazaa. Atangoja sana!"

Estha akacheka, mama yake naye akakaribia kucheka, kisha akafuta jasho. Alikuwa anatoka jasho na asubuhi ile ilikuwa na baridi ya milimani.

"Nani alikwambia damu yako ni mbaya?"

"Iko kwa karatasi. Imeganda. Damu ya mutu muzima inaganda namna gani? Inaganda ya mufu. Watu walisoma, wakasema Riziki amelogwa, ao amefanya zambi."

Wanangu, nilikuwa nimeandika maneno mawili ya kiufundi, ya kawaida kabisa, tunayoandika kila siku. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atayapeleka nyumbani na kuyasoma kwa macho yake mwenyewe.

Nikakaa chini kwenye jiwe. Nikamuuliza kama anashiba haraka. Akasema matonge matatu tu na tumbo linajaa. Nikamuuliza kama usiku nguo zinalowa jasho. Akasema mpaka anazikamua. Nikamuuliza kama kushoto chini ya mbavu kunavuta. Akaniangalia kama vile nimemsoma mkononi.

"Hiyo ni bandama yako," nikamwambia. "Imevimba. Huna mimba na hujalogwa. Damu yako haijaganda. Ile karatasi ilikosea. Twende, gari lipo."

"Karatasi ilikosea," akarudia, polepole.

"Ndiyo."

Kisha akamwita jirani amtazamie Estha, akafunga kitenge, akaja. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, na tena ndani ya gari, kilomita zote zile. Sikusema.

Safari hii nilifanya kama nilivyofundishwa. Kijiti kwanza. Kikatoka kimelowa tu. Kisha nikachanganya damu kidogo na maji ya chumvi, sehemu moja kwa kumi, nikaipa mashine. Nyota zikaondoka, namba ikaja. Nikaizidisha kwa kumi, na hata hivyo nikaitazama mara mbili kama siiamini. Shikeni hilo: mashine ikitoa nyota, haina maana imeharibika, pengine imezidiwa. Punguza mzigo, iulize tena, kisha katazame slaidi kwa jicho lako.

Damu nyingine tuliipeleka Mwanza kwa kipimo cha chembe za urithi, tukangoja. Majibu yalirudi yakithibitisha kile Dokta Neema alichodhani. Siku ya kumweleza Riziki, dokta aliniomba nikae nao, na nilifurahi, maana kwa miaka yote ile nilikuwa nahesabu chembe nyeupe bila kujiuliza nani anaziambia ziongezeke, na hasa nani anaziambia zikome.

Dokta hakutumia kitabu. Alitumia mkono wake.

"Ndani ya mifupa yako kuna uboho, na huko ndiko damu inakozaliwa," alisema. "Ukipata kidonda au homa, mwili unatoa protini za kupeleka habari. Zinakwenda mpaka kwenye uboho, zinashika seli changa kwa nje kama mtu anavyobisha hodi. Ndani ya seli kuna protini za kazi, tunaziita vimeng'enya. Hodi ikipigwa, kimeng'enya kinaamka." Akafumbua kiganja. "Kinachukua kipande kidogo sana, kinaitwa fosfati, kinakipachika kwenye protini iliyo jirani. Hiyo nayo inaamka, inampachika mwenzake, mwenzake naye hivyo hivyo, mpaka habari inafika katikati ya seli: gawanyikeni, tunahitaji askari."

"Na askari wakitosha?" nikauliza mimi, mkubwa wa maabara, kama mwanafunzi.

"Ndiyo uzuri wake. Mwili una protini nyingine za asili ambazo kazi yao ni kutuliza. Nyingine zinabandua zile fosfati moja moja. Nyingine zinakwenda kuziba pale penye hodi. Na hiki kimeng'enya tunachokisema leo kina mkia wake chenyewe, unajikunja na kukifunga." Akakunja dole gumba juu ya kiganja, kiganja kikafumba. "Kikiitwa, mkia unalegea. Kazi ikiisha, unarudi. Mtu mzima anaishi hivyo maisha yake yote na wala hajui."

Riziki alikuwa anautazama ule mkono bila kupepesa.

"Kwangu miye, mukia umefanya nini?"

"Umekatika. Nyuzi mbili za urithi kwenye seli moja ya uboho zilivunjika, zikaungana vibaya. Kikazaliwa kimeng'enya kisicho na mkia, na kikaunganishwa na kipande kisichokiacha kitulie. Kiko macho saa zote. Hakuna aliyepiga hodi, lakini chenyewe kinasema gawanyikeni, gawanyikeni. Askari wanazaliwa bila vita, wengi hawajakomaa, wanajaa kwenye bandama."

"Ile kitu iko ya mwili yangu mwenyewe, ao iliingia toka inje?"

"Ni ya mwili wako mwenyewe."

"Nani aliikata?"

"Hakuna aliyeikata. Si chakula, si mtu, si dhambi. Hukuipata kwa mama yako, na Estha hataipata kwako."

Aliposikia jina la Estha ndipo alipolia. Tulimwacha alie. Kisha dokta akamwonesha kidonge. Akaeleza kwamba kinaingia pale pale kwenye kiganja cha kimeng'enya, mahali kinaposhikia fosfati, kinakaa hapo, na kimeng'enya kinabaki mikono mitupu. Lakini kidonge hakikai milele, ndiyo maana ni kila siku, baada ya kula, na maji mengi. Ukijisikia umepona ukaacha, kiganja kinafumbuka tena.

"Kwa hiyo dawa inafanya kazi ya mukia," Riziki akasema.

Dokta Neema akanigeukia. "Mama Bukuru, mimi ilinichukua muhula mzima kulielewa hilo."

Miezi ya kwanza haikuwa rahisi. Alikuwa anaamka macho yamevimba, miguu inakakamaa usiku, kichefuchefu. Mara mbili alitaka kuacha. Nilikuwa namwonesha tyubu zake. Kila alipokuja, niliiacha tyubu ikae, nikaiinua kwenye mwanga, nikamwita dirishani. Lile tabaka la uji likawa nene kama kidole, halafu kama kamba ya kiatu, halafu siku moja nikamwita na hakuona kitu.

"Imekwenda wapi?"

"Tazama vizuri."

Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Ulikuwepo utando mwembamba kama karatasi, wa mtu yeyote.

Tumbo nalo likashuka, na kwa kuwa hakuna mtoto aliyezaliwa, kambi nzima ikabaki na la kujieleza. Mkubwa wa kwaya alimfuata nyumbani na kinamama wawili kumwomba msamaha. Riziki aliniambia alirudi kuimba, lakini aliweka sharti asipangwe kusimama karibu na mkubwa huyo.

Mnaona ninavyocheka nikieleza. Lakini ndani yangu, kila alipokuja na kuniita "maman yangu wa labo," kitu kilikuwa kinanichoma. Aliniletea mihogo. Aliniletea kitambaa alichodarizi. Aliwaambia wenzake kwamba kuna mama wa Kiha aliyetoka Kasulu kumtafuta mlango kwa mlango. Yote kweli, na yote yaliegemea uongo wangu mmoja.

Siku zangu za kustaafu zilipofika, nilimngoja Ijumaa yake ya mwisho kwangu. Nikamtoa damu mwenyewe, nikabandika pamba, nikamwambia nastaafu na maabara nawaachia vijana, kisha nikamwomba akae kwenye benchi la nje, nami nikakaa kando yake.

"Riziki, ile karatasi ya kwanza. Ya imeganda."

"Ninaikumbuka."

"Haikukosea yenyewe. Niliandika mimi. Tyubu ilikuwa mkononi mwangu, sikuifungua nichovye kijiti kama unavyoniona nikifanya siku hizi, sikuitazama. Ulikuja dirishani ukaniuliza siku ya kurudi, sikukutazama wewe pia. Wiki zote zile ulizokaa kambini unatukanwa, ni mimi."

Mtu wa usafi akapita na ndoo. Nikahisi nimezeeka ghafla, kuliko umri ulioandikwa kwenye barua yangu ya kustaafu.

"Siku ile ulifika kwangu," akasema mwishowe, "ulinitafuta kwa sababu ya kosa yako, ao kwa sababu ya miye?"

Nilitaka kusema jambo zuri. Nikaona nimeshamdanganya vya kutosha.

"Kwa sababu ya kosa langu. Wewe nilikuwa sikujui bado. Nilikujua pale mlangoni, ulivyosema mkubwa wa kwaya atangoja sana."

Hakucheka. Hakunishika mkono, wala hakusema yamekwisha. Aliinuka, akachukua mfuko wake, akaenda dirisha la dawa. Nikamwona anapanga foleni, amenipa mgongo, nikasema basi, ni haki yake.

Foleni ilikuwa ndefu. Alipopata vidonge vyake akavihesabu, akavifunga kwenye pindo la kitenge, akageuka. Gari la kambi lilikuwa limeshawasha injini getini na dereva anaita watu. Riziki akamwinulia mkono amngoje kidogo, akarudi mpaka kwenye benchi, akakaa palepale alipokuwa amekaa, bega lake likigusa langu.

"Sasa ile mashine yenu," akasema, "hawa vijana unawaachia, wanajua ya kijiti?"